Mwili Unaojipiga Vita: Mahali Tulipo na Uzito wa Maradhi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa jamaa, siku ya pili, baada ya chakula cha mchana)



 

Ama baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tena tukiwa salama, nawashukuru wanakamati walionipa nafasi hii. Niliambiwa nichague jambo lolote linalohusu afya. Nimechagua jambo ambalo wengi wetu hulisema kwa sauti ya chini, jikoni na barazani, nalo ni hili: kwa nini jamaa wa damu moja, mmoja yuko Mombasa, mmoja Maskati na mmoja London, hupatwa na maradhi ya namna moja kwa uzito usiolingana? Nimefanya kazi ya uuguzi katika kliniki za viungo na figo hapa Uingereza kwa miaka mingi, na swali hili watu wetu wameniuliza mara nyingi kuliko jingine lolote.

Maradhi ninayoyakusudia ni yale ambayo kinga ya mwili humshambulia mwenye mwili. Mwenyezi Mungu ametujaalia jeshi la kutulinda. Chembe nyeupe za damu huzunguka usiku na mchana kama askari wa zamu, zikitafuta virusi, bakteria na vimelea, na hutengeneza silaha ziitwazo kingamwili. Askari hawa hufunzwa tangu utotoni kumpambanua mwenyeji na mgeni. Mafunzo hayo yakiharibika, jeshi humgeukia mwenyeji. Likishambulia maungo, huwa baridi yabisi ile inayovimbisha na kupinda vidole. Likishambulia kongosho, mtoto hupata kisukari cha aina ya kwanza na hulazimika kudungwa insulini maisha yake yote. Likishambulia ala ya mishipa ya fahamu katika ubongo na uti wa mgongo, huwa maltipo sklerosisi, ambayo kwa kifupi huitwa MS. Na likishambulia ngozi, maungo, damu na figo kwa pamoja, huwa lupasi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na katika maradhi haya methali hiyo imefika ndani zaidi ya nguo. Hayaambukizi, si laana, wala si jicho la mtu.

Nimewasikia wazee wetu wakisema, "Ni Ulaya hii inayowaua. Mrudisheni mtoto nyumbani apigwe na jua, atapona." Kauli hii siidharau, kwa sababu ndani yake mna ukweli ambao wataalamu wametumia miaka mingi kuuthibitisha. Lakini mna na hatari pia, na mmoja wetu imekaribia kumgharimu roho. Kwa hiyo naomba tuchambue pamoja mahali panne panapoamua uzito wa maradhi haya: mahali walipoishi mababu zetu, mahali tulipokulia, mahali tunapoishi leo, na umbali uliopo baina yetu na tabibu.

Naanza na mababu. Mwaka 1968 daktari Brian Greenwood, aliyekuwa akifanya kazi Ibadan nchini Nigeria, aliandika katika jarida la Lancet kwamba maradhi ya kinga kujishambulia yalikuwa haba mno katika hospitali ya chuo kikuu ya mji huo. Miongoni mwa wagonjwa karibu laki moja waliolazwa kwa muda wa miaka kumi, wenye maradhi hayo walikuwa kama 100 tu. Alijiuliza kama malaria na vimelea vingine, ambavyo huishughulisha kinga ya mwili tangu utotoni, ndivyo vilivyokuwa vikiizuia isijigeukie. Baadaye yeye na wenzake walichukua panya wa aina ambayo kwa maumbile yao hupata lupasi na kufa kwa maradhi ya figo, wakawaambukiza malaria ya panya. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 1970 yalionyesha kwamba panya wale walisalimika kwa kiasi kikubwa.

Miaka arubaini ikapita. Mwaka 2010 watafiti wa Cambridge, wakishirikiana na wenzao walioko Kenya, walitoa habari za jeni moja ambayo kazi yake ni kuwa kama breki ya kinga ya mwili. Kuna namna ya jeni hiyo ambayo breki yake ni dhaifu. Mtu aliyeirithi kwa baba na kwa mama yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupata lupasi. Lakini walipowachunguza watoto wa Kenya, waliona kwamba wale waliokuwa nayo pande zote mbili walikuwa wamekingika kwa kiasi na malaria kali. Namna hiyo ya jeni ni ya kawaida zaidi kwa watu wa Afrika na wa kusini mashariki mwa Asia, na ni adimu kwa Wazungu. Maana yake ni rahisi kuifahamu. Katika nchi yenye mbu, mtoto mwenye kinga kali ndiye aliyepona na kukua na kuzaa. Kinga hiyo kali tumeirithi sisi, wajukuu wake, na tumeichukua pamoja na masanduku yetu hadi katika nchi zisizo na malaria, ambako haina adui wa kupigana naye.

Jambo hili si la Waafrika peke yao. Kisiwa cha Sardinia nchini Italia kilisumbuliwa na malaria kwa karne nyingi hadi ilipofutwa katika miaka iliyofuata Vita vya Pili vya Dunia. Leo watu wa Sardinia ni miongoni mwa wanaopata MS na kisukari cha watoto kwa wingi zaidi duniani. Mwaka 2017 watafiti walionyesha kwamba wengi wao wana jeni inayoongeza kingamwili, ambayo huzidisha hatari ya MS na ya lupasi, nayo ina alama za kuwa ilienea kwa sababu iliwafaa watu wakati wa malaria. Kwa hiyo aliyerithi maradhi haya asijione kuwa ametoka katika ukoo wenye kasoro. Amerithi silaha iliyowaokoa wazee wake.

Sasa nije mahali tulipokulia. Daktari Geoffrey Dean alifanya uchunguzi wa muda mrefu nchini Afrika Kusini juu ya Wazungu waliohamia huko kutoka Uingereza na kaskazini ya Ulaya, ambako MS ni nyingi. Aligundua kwamba waliohama wakiwa watu wazima walikwenda na hatari ya nchi waliyotoka, na waliohama kabla ya kutimiza umri wa miaka kama 15 walikuwa na hatari ndogo zaidi, iliyokaribia ya nchi waliyoingia. Kisha yeye na wenzake wakachunguza safari ya upande wa pili, ambayo ndiyo safari yetu. Waliona kwamba wahamiaji waliokuja Uingereza kutoka Afrika, Bara Hindi na visiwa vya Karibi walipata MS kwa nadra. Lakini katika taarifa ya mwaka 1990 walionyesha kwamba watoto wa wahamiaji hao waliozaliwa hapa hapa walikuwa wakiipata kwa kiwango kilichokaribia kile cha Waingereza wenyewe. Damu ilikuwa ileile, na kizazi kimoja tu kimepita.

Habari ya kisukari cha watoto nayo inafanana na hiyo. Katika mji wa Bradford, madaktari waliandika mwaka 1992 kwamba watoto wenye asili ya Asia, ambao mwanzoni walikuwa wakiugua kisukari hicho mara chache kuliko watoto wa Kizungu, walikuwa wamewafikia katika muda wa kama miaka kumi. Na kule Karelia, eneo lililogawanywa na mpaka wa Finland na Urusi, watu wa pande zote mbili wanafanana sana kwa jeni, lakini utafiti uliotolewa mwaka 2005 ulionyesha kwamba watoto wa upande wa Finland waliugua kisukari hicho kama mara 6 zaidi ya watoto wa upande wa Urusi.

Ni kitu gani basi kilicho katika utoto? Kimoja tunakijua vizuri sasa. Kuna virusi viitwavyo Epstein-Barr, ambavyo huwaingia karibu watu wote duniani. Nyumbani kwetu, watoto hulelewa wengi pamoja na huvipata wakiwa wadogo sana, bila mama kutambua kwamba mtoto ameugua. Katika nchi za baridi na nyumba za watu wachache, wengi huvipata wakiwa vijana, na hapo huwaletea homa kali na uvimbe wa tezi za shingo. Mwaka 2022 watafiti wa Harvard walitangaza matokeo ya kuchunguza kumbukumbu za damu za wanajeshi wa Marekani zaidi ya milioni 10. Waliona kwamba hatari ya kupata MS iliongezeka mara 32 baada ya mtu kuambukizwa virusi hivyo. Si kila aliyeambukizwa huugua MS, maana wenye MS duniani ni kama milioni 2.9 tu, na walioambukizwa ni mabilioni. Lakini bila ya virusi hivyo MS karibu haitokei, na umri wa kuvipata una uzito wake.

Cha pili ni minyoo, nanyi mniwie radhi kwa kuitaja baada ya chakula. Nchini Argentina daktari Jorge Correale na mwenzake waliwafuatilia wagonjwa 12 wa MS ambao walikuwa na minyoo tumboni, na wengine 12 wasiokuwa nayo. Taarifa yao ya mwaka 2007 ilisema kwamba wenye minyoo walishambuliwa na ugonjwa mara chache sana kuliko wenzao. Baadaye wanne kati yao walilazimika kupewa dawa ya minyoo, na maradhi yao yakazidi tena. Inaonekana mnyoo, ili apate kuishi ndani yetu bila kufukuzwa, huituliza kinga ya mwili. Nasema haya ili tuelewe, na wala sisemi mtu akatafute minyoo. Waliokulia Unguja, Pemba na Pwani wanakumbuka kichocho, matende na watoto waliopungukiwa damu. Hatukuondokana na balaa hizo ili tuzirudie.

Mahali pa tatu ni hapa tunapoishi leo, na hapa ndipo linapoingia jua. Ngozi ikipigwa na jua hutengeneza vitamini D, ambayo huimarisha mifupa na pia husaidia kuiweka kinga ya mwili katika kiasi chake. Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini ya Ikweta na Unguja nyuzi 6. London iko zaidi ya nyuzi 51 kaskazini. Katika miezi ya baridi jua la London liko chini mno hata mtu akikaa nje mchana kutwa ngozi yake haitengenezi vitamini hiyo ya kutosha. Na ngozi nyeusi, ambayo Mungu ameitia rangi ili ihimili jua la Ikweta, huhitaji muda mrefu zaidi wa jua kuliko ngozi nyeupe.

Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti wa kimataifa uliowahusu wagonjwa wa MS zaidi ya 46,000 kutoka nchi nyingi. Utafiti huu haukuuliza ni nani anayeugua. Uliuliza ni nani anayeugua zaidi. Ulionyesha kwamba kuanzia nyuzi 40 kwenda juu, kadiri mgonjwa anavyoishi mbali na Ikweta ndivyo ulemavu wake unavyokuwa mkubwa. Watafiti walitoa mfano: mgonjwa akiishi Copenhagen, ulemavu wake huweza kuzidi ule wa mwenzake anayeishi Madrid kwa pointi kama 1.3 katika kipimo cha pointi 10. Chini ya nyuzi 40, tofauti hiyo haikuonekana.

Sasa ndugu zetu wa Ghuba watasema, "Sisi Maskati tuna jua la kutosha na la kubakia." Ni kweli liko nje, lakini nani anayelikaa? Joto huwafungia watu ndani ya nyumba na magari yenye viyoyozi, na wanawake hujisitiri kama inavyopasa. Ndiyo sababu upungufu wa vitamini D umekuwa jambo la kawaida katika nchi za Ghuba, na MS nayo, ambayo zamani ilikuwa ikihesabiwa kuwa ugonjwa wa watu wa baridi, imeongezeka huko, hasa Kuwait. Kwa hiyo ramani peke yake haitoshi. Yatupasa tutazame na namna tunavyoishi juu ya ramani hiyo.

Je, vidonge vya vitamini D husaidia? Nchini Marekani, watu 25,871 wenye umri wa miaka 50 na zaidi waligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi walipewa vitamini D na wengine vidonge visivyo na dawa, kwa muda wa kama miaka mitano. Matokeo ya mwaka 2022 yalionyesha kwamba waliopewa vitamini D walipata maradhi ya kinga kujishambulia kwa asilimia 22 pungufu. Walipoacha kuitumia, faida hiyo ilififia. Si muujiza, lakini si haba. Hapa Uingereza ushauri wa serikali ni kwamba kila mtu afikirie kunywa mikrogramu 10 kwa siku katika majira ya vuli na baridi, na wenye ngozi nyeusi au wanaojifunika mwili wainywe mwaka mzima. Sisi tumo katika makundi yote mawili. Chupa yake bei yake ni ndogo. Msizidishe kipimo kwa kudhani kwamba kingi ndicho dawa, kwani vitamini D ikizidi mno huyadhuru mafigo.

Lakini hapa sina budi kuweka onyo kubwa. Jua linalomfaa mwenye MS humchoma mwenye lupasi. Miali ya jua huziumiza chembe za ngozi, na kwa mwenye lupasi majeraha hayo huwaamsha askari wale wakaingia vitani, ngozini kwanza, kisha maungoni na mafigoni. Mwenye lupasi aipate vitamini D yake kwa kidonge, avae mikono mirefu, ajipake mafuta ya kukinga jua, na akae kivulini.

Binti mmoja wa ukoo huu, ambaye yumo ukumbini na amenipa idhini ya kuyasema haya bila ya kumtaja jina, alianza kuugua lupasi akiwa na miaka 19. Alitulia kwa vidonge vya haidroksiklorokwini muda wa miaka mitatu. Akaenda nyumbani kwa mapumziko marefu. Kila aliyemwona alimwambia, kwa mapenzi ya dhati, kwamba dawa za Ulaya zimemkondesha na jua la kwao litamponya. Akaacha vidonge, akashinda ufukoni. Wiki ya sita uso ukawa mweusi kama uliounguzwa. Wiki ya nane miguu ilivimba na mkojo ukatoa povu. Aliporudi, mafigo yake yalikuwa yamepoteza nusu ya nguvu zake. Alhamdulillahi, leo yuko nasi na hali yake imetulia, lakini nusu ile haikurudi. Hakuna aliyemtakia mabaya. Walimpa ushauri ulio sahihi kwa maradhi mengine.

Na tazameni ajabu ya hiyo dawa yenyewe. Haidroksiklorokwini ni ndugu wa klorokwini, ambayo wengi wetu tuliimeza tukiwa watoto, chungu ile, kwa ajili ya malaria. Tangu mwaka 1951 madaktari wanajua kwamba dawa za namna hii hutuliza lupasi. Leo ndiyo msingi wa matibabu yake duniani kote. Hupunguza mashambulizi, hulinda mafigo, na mama mjamzito huruhusiwa kuendelea nayo. Macho tu ndiyo yanayohitaji kupimwa kila mwaka, kwa kawaida baada ya miaka mitano ya kuitumia.

Mahali pa nne ni umbali uliopo baina yetu na tabibu. Kwa muda mrefu iliaminiwa kwamba lupasi ni adimu Afrika na ni nyingi kwa Waafrika walioko Marekani na Uingereza, kana kwamba ni bahari waliyoivuka iliyowatia ugonjwa. Mwaka 2001 watafiti wa London waliwachunguza wahamiaji waliotoka Afrika Magharibi na kuwalinganisha na watu wa asili ya Karibi na Wazungu. Waliona kwamba wahamiaji hao walikuwa na lupasi karibu mara 3 ya Wazungu, ingawa walizaliwa na kukulia Afrika. Hivyo sehemu ya ule uhaba wa Afrika huenda ilikuwa uhaba wa vipimo. Ni wangapi katika bibi zetu walioambiwa wana baridi yabisi, au wana shetani, au mimba zao zinaharibika kwa husuda, kumbe ilikuwa lupasi?

Marekani nako, wagonjwa wa lupasi wa makabila mbalimbali walifuatiliwa kuanzia miaka ya 1990 katika majimbo ya Alabama na Texas na kisiwa cha Puerto Rico. Ilionekana kwamba weusi na Wahispania wa Texas walizidiwa na ugonjwa kuliko Wazungu, na kwamba umaskini ulikuwa na sehemu yake katika uzito huo. Wahispania wa Puerto Rico hawakuzidiwa kama wenzao wa Texas, ingawa lugha yao ni moja. Jina la kabila, basi, halitoshi kutabiri hali ya mgonjwa. Tuulize pia amemfikia daktari lini, na kama aliweza kuendelea na dawa.

Kwa hiyo naomba mama na dada zetu wazijue dalili, maana katika kila wagonjwa 10 wa lupasi 9 ni wanawake, na wengi huanza katika umri wa kuzaa. Uchovu usioondoka kwa usingizi, maungo yanayouma na kukakamaa asubuhi, vidonda vya mdomoni, nywele kung'oka, mimba kuharibika mara kwa mara, mkojo wenye povu na miguu kuvimba. Vitabu husema lupasi huleta wekundu usoni wenye umbo la kipepeo. Kwa ngozi zetu wekundu huo mara nyingi haupo. Huonekana rangi ya zambarau au weusi uliokoza, na madaktari wasiozoea ngozi nyeusi huweza kuupita. Mwombeni daktari apime mkojo na damu. Kijiti cha kupimia mkojo ni cha bei rahisi, huku na nyumbani pia. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nami naongeza kwamba figo huharibika kimya kimya kabla ya kuumbua.

Kwa wale wanaokwenda nyumbani mara kwa mara, nina mambo matano ya kuwausia. Kwanza, chukueni dawa za kutosha safari nzima na wiki kadhaa zaidi, katika mkoba wa mkononi. Pili, mwenye kunywa haidroksiklorokwini asidhani kwamba amekingika na malaria. Malaria ya Afrika Mashariki imekwisha kuizoea klorokwini, na mgonjwa huyo anahitaji dawa nyingine ya kinga na chandarua. Tatu, anayetumia dawa za kupunguza nguvu za kinga ya mwili asichanjwe chanjo zenye vijidudu hai, kama ile ya homa ya manjano, kabla ya kuulizana na daktari wake. Nne, mwambieni daktari mlikozaliwa na mlikokulia. Kuna mnyoo mmoja uitwao strongiloidi ambao huweza kukaa ndani ya mtu miaka mingi bila dalili. Mtu huyo akipewa dawa za steroidi, mnyoo huo huzaana kwa kasi na huweza kumuua. Kifua kikuu kilicholala nacho huweza kuamka kwa baadhi ya dawa hizi. Daktari wa Leicester au Toronto hatalikumbuka hilo ikiwa hajui kwamba mgonjwa wake alicheza pekupeku Makunduchi. Tano, msiache dawa ghafula, hasa steroidi, kwani kuziacha ghafula ni hatari kwa nafsi yake.

Ndugu Mwenyekiti, ninalo ombi moja kwa mkutano huu. Kijitabu chetu hiki huandika nasaba: nani kamzaa nani, nani kaolewa wapi. Naomba kila nyumba iwe pia na daftari lake la maradhi, la siri, litakalowekwa na mtu mmoja anayeaminiwa. Liandikwe humo nani aliugua nini, akiwa na umri gani, alizaliwa wapi, alikulia wapi na alikuwa akiishi wapi. Binti yetu wa Dubai akianza kuumwa vidole, na daktari akimwuliza kama kuna mtu katika ukoo mwenye lupasi au tezi la shingo au kisukari cha utotoni, asijibu "Sijui" hali shangazi yake wa Birmingham anaumwa mwaka wa kumi. Na tunapoleta posa, tusiulize habari hizi ili kumkataa mtu. Maradhi haya hayafuati mstari mmoja wa urithi, na wengi wenye jeni hizo hawaugui kabisa.

Nawaambia na wazee wangu kwa heshima: mlisema kweli kwamba mahali humbadilisha mtu. Lakini hatuwezi kuurudia utoto wetu tukakua upya Mombasa, wala hatuwezi kubadili damu tuliyorithi. Linalowezekana ni kuisikiliza kliniki, kukijua kivuli na jua la kila mmoja, na kupigiana simu kabla hali haijaharibika. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Methali hiyo inasema juu ya vinga vya kuni, lakini leo naiazima kwa ajili ya kinga ya miili yetu. Jamaa mmoja peke yake katika mji wa ugenini huzimika upesi.

Nitakaa katika chumba cha pembeni baada ya swala ya alasiri. Mwenye swali lake la faragha anikaribie, na mwenye vidonge asivyovifahamu aje navyo. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotutangulia, na atukutanishe tena tukiwa na afya. Amin.